Njia ya Chuma ya Maziwa Makuu na Mabega Yaliyobeba Mizigo Yake

Katika vitabu vya shule historia ya njia ya chuma imeandikwa kwa kilometa. Tunasoma kwamba mwaka fulani reli zilifika mahali fulani, wakubwa wakakusanyika, mashini ikapiga filimbi, watu wakashangilia. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Msafiri akitaka kujua ubaya wa barabara hakuulizi urefu wake tu; anauliza kuna vivuko vingapi. Vilevile na njia ya chuma. Mahali reli inapokwisha na maji kuanza, au reli ya kampuni moja inapokutana na reli ya kampuni nyingine, ndipo tunapojua njia ile ilimsaidia nani na ilimchosha nani.

Mahali pa namna hiyo nitapaita viungo. Katika mwili wa mtu, mfupa mgumu hauumi sana uzeeni. Kinachouma ni kiungo. Leo nataka tutazame viungo vya njia moja iliyo kwetu, ile ya Kampuni ya Njia ya Chuma ya Kongo ya Juu hata Maziwa Makuu, ambayo wazee wetu waliiita kwa herufi tatu tu, CFL. Neno langu ni moja: njia hii iliondoa mzigo kichwani mwa mpagazi njiani, kiisha ikamrudishia begani katika kila kiungo. Wenye kuhesabu kilometa waliandika sehemu ya kwanza ya habari. Sehemu ya pili bado haijaandikwa sawasawa.

I. Mto unaokatika

Tuanze na mto wenyewe, maana ndio uliowalazimisha watu wote.

Masua kubwa zinaweza kupanda toka Kinshasa hata Kisangani, kilometa zaidi ya 1,700, bila kuzuiliwa. Hapo Kisangani mto unafungwa na maporomoko ya Boyoma, saba kwa hesabu, yanayofuatana hata Ubundu. Juu ya Ubundu maji yanatulia, na masua zinaweza kwenda tena kilometa zipatazo 300 hata Kindu. Toka Kindu kwenda Kongolo mto unakuwa mbaya tena. Karibu na Kongolo unapita katika mwanya wa mawe ambao Wazungu waliuita Mlango wa Jehanamu. Juu ya Kongolo unafunguka, na masua zinafika Kabalo na mbele yake hata Bukama. Upande wa mashariki, mto Lukuga unatoka katika ziwa Tanganyika na kuingia Lualaba karibu na Kabalo, lakini Lukuga si njia ya masua.

Basi Mungu aliumba mto huu vipande vipande, maji mazuri na maji mabaya yakipokezana. Kabla ya reli, ni kichwa cha mtu kilichounga vipande hivyo. Misafara ya Waarabu na Wangwana ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Nyangwe na Kasongo. Watu wa Tippu Tip walifika hata kwenye maporomoko ya Boyoma. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kitambaa na shanga wakati wa kuja, pembe za ndovu wakati wa kurudi. Wengi wa waliobeba pembe walikuwa watumwa. Wamisionari nao walikuja kwa njia ileile: Mapadri Weupe waliopokea kituo cha Mpala mwaka 1885 walifika na mizigo yao vichwani mwa watu.

Vita vya miaka 1892 hata 1894 viliangusha utawala wa Waarabu katika Manyema. Bwana akabadilika, mzigo haukubadilika. Dola la Mfalme Leopold II nalo lilihitaji watu wa kubeba pembe, mpira, risasi na chakula cha askari. Mtu aliyefikiri kwamba amepona utumwa wa msafara aliona kapita mwingine mlangoni pake.

II. Reli zinajengwa

Tarehe 4 Januari 1902 Dola lilifanya mapatano na Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji, na kampuni ikaanzishwa. Kampuni ilipewa haki juu ya hektari milioni 4 za misitu na madini. Tusisahau sherti hilo. Reli haikuwa zawadi kwa wenyeji. Ililipwa kwa ardhi ambayo mababu zao walikuwa wakiwinda na kulima, nao hawakuitwa kwenye mapatano.

Mafundi hawakujaribu kujenga reli moja ndefu. Walijenga tu pale mto ulipokataa. Kwanza ni sehemu ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu: kilometa 125 katika msitu, zilizofunguliwa tarehe 1 Septemba 1906. Pili ni sehemu ya Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, iliyokwisha mwisho wa mwaka 1910. Tatu ni ile ya Kabalo mpaka Albertville, leo Kalemie, kilometa 273, iliyofika ziwani mwezi wa Machi 1915. Upana kati ya reli na reli ulikuwa milimeta 1,000, yaani meta moja sawasawa.

Ni nani waliokata miti, wakachimba udongo, wakalaza mataruma? Vitabu vinataja mainjinia kwa majina. Wafanyakazi hawatajwi. Kwa njia nyingine ya Kongo, ile ya Matadi mpaka Leopoldville iliyokwisha mwaka 1898, hesabu rasmi ya waliokufa inasema: Wazungu 132, na Waafrika pamoja na watu wa Asia 1,800. Ndugu wasomaji, tazameni hesabu hizo vizuri. Wazungu walihesabiwa mpaka mtu wa mwisho, 132. Wengine wanaishia kwenye sifuri mbili. Tarakimu zenyewe zinatuambia ginsi watu walivyotazamwa.

III. Masua mbili zinapita

Viungo vya njia hii vilijulikana dunia nzima mwaka uleule wa 1915, kwa sababu ya vita.

Wadachi walikuwa wamemaliza reli yao toka Dar es Salaam hata Kigoma mwaka 1914, nao walitawala ziwa Tanganyika kwa masua zao. Waingereza wakataka kupeleka masua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, chini ya mkubwa wao Geoffrey Spicer-Simson. Hawakuweza kupita pwani ya mashariki, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwa adui. Basi wakazishusha Cape Town na kuzipandisha katika treni hata Fungurume katika Katanga, mahali reli ilipokuwa imefika wakati huo.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Toka Fungurume masua zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu mamia, ambao walikata miti, walijenga madaraja, walivuta kamba. Walipofika Sankisia wakazipakia tena katika treni hata Bukama. Bukama wakazitia majini, zikashuka Lualaba hata Kabalo. Kabalo wakazipakia katika treni ya CFL, na mwisho wa Oktoba 1915 zilikuwa karibu na ziwa. Tarehe 26 Desemba zikaiteka Kingani ya Wadachi.

Watu wanapenda kusimulia habari hiyo kwa kucheka, kwa sababu ya majina ya masua na tabia za mkubwa yule. Mimi naiona ni somo la viungo. Treni ya Cape Town hata Fungurume ilikwenda njia ndefu kuliko zote, na haikuchukua hata mwezi. Kile kipande kifupi kati ya reli na reli ndicho kilichokula wiki nyingi na nguvu za watu wengi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mfuko wa chumvi miaka yote iliyofuata, ila mfuko wa chumvi haukuandikwa kitabu.

IV. Tani moja ikawa kumi

Sasa tuhesabu. Tuseme ni mwaka 1920, na tani moja ya mizigo inavuka Afrika yetu toka bahari hata bahari kwa njia hii. Itashikwa wapi?

Mara ya kwanza Matadi, toka meli kuingia treni. Ya pili Leopoldville, toka treni kuingia masua. Ya tatu Stanleyville, toka masua kuingia treni. Ya nne Ponthierville, toka treni kuingia masua. Ya tano Kindu, toka masua kuingia treni. Ya sita Kongolo, toka treni kuingia masua. Ya saba Kabalo, toka masua kuingia treni. Ya nane Albertville, toka treni kuingia masua ya ziwa. Ya tisa Kigoma, toka masua kuingia treni. Ya kumi Dar es Salaam, toka treni kuingia meli.

Mara kumi. Tena sikuhesabu kuingiza katika magazini na kutoa, wala kuvusha mto. Maana katika Stanleyville mji mkubwa uko ng'ambo ya kuume, na stasioni ya treni iko ng'ambo ya kushoto, upande wa Lubunga. Mzigo wa duka la mjini uliotoka Ponthierville ulifika stasioni, kiisha ukavuka mto mzima kabla ya kumfikia mwenyewe.

Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50. Mifuko 20 ikishikwa mara kumi, ni mabega 200. Kwa maneno mengine, tani moja katika karatasi ya karani ilikuwa tani kumi mabegani mwa watu. Kampuni iliandika tani moja. Mwili wa mtu uliandika kumi.

V. Ginsi kazi ya kiungo ilivyokwenda

Mtu asiyejua kazi hii atadhani kwamba kiungo ni kutoa huku na kutia huku, basi. Si hivyo. Kuna mambo matatu yanayokifanya kiwe kigumu.

La kwanza ni kwamba vyombo viwili havilingani. Treni inabeba kiasi chake, masua kiasi chake. Treni inakuja kwa saa, masua inakuja kwa maji. Wakati wa kiangazi mto ukipungua, masua inapunguziwa mzigo ili isikwame katika mchanga, nayo inachelewa. Mizigo ya treni inarundikana. Kwa hiyo kila kiungo sherti kiwe na magazini, na magazini maana yake ni kushika mzigo mara mbili badala ya mara moja. Tena masua ikifika kwa kuchelewa, inataka kuondoka upesi. Basi watu waliokaa siku tatu bila kazi, wakati mwingine bila mshahara, wanaitwa usiku na kuambiwa wamalize kabla ya mapambazuko. Tuchukue mfano: tani 200 ni mifuko 4,000. Ukiwa na watu 40, kila mmoja ana mifuko 100, yaani tani 5 begani mwake, juu ya ubao mwembamba uliolowa umande.

La pili ni karatasi. Kila mzigo una barua yake ya safari inayosema ni vitu gani, uzito gani, unatoka wapi, unakwenda kwa nani. Kwenye kiungo karani wa upande mmoja anamkabidhi karani wa upande wa pili. Wote wawili wanahesabu, wanapima, wanatia sahihi. Mfuko ukipasuka, au sanduku likiwa jepesi kuliko ilivyoandikwa, kunaulizwa: limepungua kabla ya sahihi au baada yake? Kampuni mbili zinaweza kubishana miezi mingi, kila moja ikimtupia mwenziwe deni. Na deni likikosa mwenyewe, mara nyingi linaangukia mtu asiyejua kusoma karatasi, yaani aliyeubeba mfuko. Nyinyi mnaosoma Falsafa mnajua kwamba kila tokeo lina sababu. Katika magazini sababu hutafutwa kwa mtu mnyonge.

La tatu ni kugawana feza. Mwenye mzigo analipa bei moja toka mwanzo hata mwisho, kiisha kampuni zinagawana kwa kadiri ya kilometa na kazi. Kampuni yenye reli fupi inapata kidogo kwa kilometa zake, lakini kazi ya viungo vyake ni ileile kama ya kampuni kubwa. Kilometa 125 za Stanleyville mpaka Ponthierville zina kiungo mwanzo na kiungo mwisho. Treni haijapata moto vizuri, imefika. Ndiyo maana reli fupi hutafuta kupunguza gharama mahali panapopunguzwa upesi, yaani katika mshahara wa wenye kupakia.

VI. Kufunga viungo

Wakubwa wenyewe waliyajua hayo, hata kama hawakuyatazama kwa upande wa mabega. Kwa upande wa feza walijua kwamba kiungo ni hasara. Hivyo katika miaka 35 walijaribu mara tatu kukitengeneza.

Kwanza ni kwa mapatano. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia sahihi kwamba Wabelgiji watapata mahali pao Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya franka 1 kwa mwaka, na mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila ushuru wa forodha. Kiungo cha mkono kilibaki, lakini kiungo cha karatasi kilifunguka. Kasiteriti na pamba za mashariki ya Kongo zikawa na mlango wa pili wa kwenda baharini.

Pili ni kwa daraja. Mwaka 1939 daraja juu ya Lualaba lilimalizika Kongolo, na reli ikaendelea hata Kabalo. Hapo viungo viwili vilikufa siku moja, cha Kongolo na cha Kabalo. Treni ikaweza kwenda toka Kindu hata Albertville bila mzigo kuguswa. Rudieni hesabu yetu: mara kumi zikawa mara nane. Tani mbili kwa kila tani zilishuka mabegani mwa watu. Sijui kazi nyingine ya chuma na saruji iliyowahurumia watu wetu zaidi, hata kama haikujengwa kwa huruma.

Tatu ni kwa upana wa reli. Reli za Katanga, zilizofika Elisabethville kutoka kusini mwaka 1910 na Bukama mwaka 1918, zilikuwa na milimeta 1,067. Zile za CFL zilikuwa na 1,000. Tofauti ni milimeta 67, haipati upana wa kiganja. Lakini milimeta 67 zinatosha kulizuia gari la mizigo kama ukuta wa mawe. Katika miaka ya 1950 njia mpya ilijengwa toka Kamina hata Kabalo, ikafunguliwa mwaka 1956, na reli za Kindu mpaka Albertville zikapanuliwa zilingane na za Katanga. Tangu hapo gari lilelile lililopakiwa Elisabethville liliweza kufika ziwani. Kampuni zilipokezana magari badala ya kupokezana mifuko. Kwa desturi ya wenye reli, gari la mwenzako likiingia kwako unalichunguza magurudumu na breki, unaandika namba yake, na unamlipa mwenyewe kwa kila siku linapokaa kwako. Basi kila mmoja analirudisha upesi.

Angalieni jambo hilo. Gari la chuma likikaa siku moja kwa jirani, linalipiwa. Mtu aliyekaa siku tatu bandarini akingojea masua, nani alimlipa?

Reli ya Kisangani mpaka Ubundu haikupanuliwa. Ilikuwa mbali, peke yake kati ya maji na maji, haikutani na reli nyingine yoyote. Ilibaki na meta yake moja na viungo vyake viwili.

VII. Baada ya uhuru

Mwaka 1960 uhuru ulikuja, na vita vikafuata. Njia ilikatwa mara nyingi katika miaka ile. Wakristo wa Kongolo hawasahau tarehe 1 Januari 1962, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu walipouawa katika mji wao. Mwaka 1964 Kisangani nayo ilipatwa na uasi, na masua na treni zikasimama. Mwaka 1974 kampuni za reli ziliunganishwa katika kampuni moja ya taifa, SNCZ, ambayo baadaye ikawa SNCC. Kwa hiyo tangu wakati ule karani wa huku na karani wa huku ni wa nyumba moja. Lakini maporomoko hayasomi sheria. Viungo vya maji vilibaki pale Mungu alipoviweka, na fedha za kuvitunza zilipungua. Reli ikizeeka, mataruma yakioza, mashini ikikosa kipuli, mzigo unarudi pale ulipotoka: kwenye mwili wa mtu. Wasafiri wa njia ya Ubundu wamewaona vijana wakisukuma baiskeli zenye magunia katika msitu, kando ya reli iliyolala kimya.

Sherti nitaje siku moja, hata kama kuitaja kunauma. Mwaka 1997 wakimbizi wa Rwanda, waliokimbia vita kwa miguu toka Kivu, walikuwa wamekusanyika kando ya reli hii kusini mwa Kisangani, katika kambi za Kasese na Biaro. Biaro iko kwenye kilometa 41. Wengi waliuawa huko, wengine walikufa kwa njaa na maradhi. Treni ilitumwa kuwatoa waliobaki na kuwaleta Kisangani. Tarehe 4 Mei 1997 treni ilipofika, watu 91 walikutwa wamekufa ndani ya magari, wamebanwa na kukosa pumzi.

Magari ya mizigo yalibeba watu, na watu walipakiwa kama mizigo. Hakuna aliyewaza kwamba mfuko unahitaji hewa. Ndugu, mazoea hayo hayakuzaliwa siku ile. Njia iliyojifunza miaka 90 kuhesabu tani bila kuhesabu mabega, siku moja hushindwa kutofautisha tani na mtu. Sisemi kwamba mwenye kufungua mlango wa gari siku ile alikuwa na moyo mbaya kuliko sisi. Nasema kwamba macho yaliyozoea kuona kilo huchelewa kuona uso.

VIII. Neno kwa waseminari

Wengine wataniuliza: Padri, habari za mataruma na mifuko zina faida gani kwa sisi tunaosoma Teolojia? Nitajibu kwa ufupi.

Karibu kila kitu cha zamani kilicho katika makanisa yetu ya Manyema na ya Tanganyika kilipita katika viungo hivyo. Kengele, vitabu vya Misa, divai, misumari ya paa, mashini ya kushonea ya masista: vyote vilishuka na kupanda mabegani mwa watu ambao wengi wao walikuwa hawajabatizwa. Tunasema kwamba imani ililetwa na wamisionari, na ndivyo. Lakini mizigo ya wamisionari ililetwa na watu ambao hatujui majina yao. Katika kumbukumbu za misioni zetu utakuta jina la mfadhili aliyenunua kengele, jina la Askofu aliyeibariki, na kilo zake. Aliyeitoa katika masua Kindu, akateleza kwenye ubao, akashikwa na wenzake, hayumo.

Leo kuna makontena na winchi, na kwa bandari zilizo nazo hiyo ni baraka kubwa: mzigo unafungwa mara moja na kufunguliwa mara moja. Kila daraja jipya, kila winchi inayofanya kazi, ni tani zinazoshuka mabegani mwa mtu. Basi tusidhani kwamba ufundi ni jambo la wakubwa na la feza tu. Kutengeneza kiungo ni tendo la huruma, hata kama halina kitambaa cheupe wala mshumaa.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Mtakaporudi likizo, ninyi wa Kisangani, wa Ubundu, wa Kindu, wa Kongolo, wa Kabalo na wa Kalemie, nendeni na daftari kwa wazee waliofanya kazi ya kupakia bandarini na stasioni, na kwa watoto wa wale waliokwisha kufa. Msiwaulize juu ya mashini. Habari za mashini zimeandikwa. Waulizeni walibeba nini, kwa siku mara ngapi, walilipwa nini, kapita wao alikuwa nani, waliimba nini walipopandisha ubao, ni nani aliyeanguka majini na alizikwa wapi. Andikeni majina. Yakiwa kumi tu, yatakuwa kumi kuliko yaliyo katika vitabu vyetu vyote.

Na kabla ya kuwauliza, wasalimuni vizuri na kuketi. Mzee wa kazi ile hasemi na mtu aliyesimama. Ameona watu wengi waliosimama mbele yake na kalamu mkononi, wakihesabu mifuko.